Kilatini cha A Level: usikisome kupitia Kiingereza

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 17, nimezaliwa Tanga, tukahamia Leicester nilipokuwa na miaka 9. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Kwenye GCSE, mtihani wa miaka 16 huku, nilipata 8 kati ya 9 ya Kilatini, kwa hiyo mwezi wa tisa nikakichukua A Level pamoja na Historia na Kemia. Sasa ninazama. Kila wiki tunapewa kipande cha Livy, mwanahistoria wa Kirumi, tusichowahi kukiona, tukitafsiri. Najua maana ya kila neno lakini sentensi haitoki. Darasani tuko watano, na wawili kati yao walianza Kilatini wakiwa na miaka minane. Mama anataka niache nichukue Uchumi, anasema lugha iliyokufa waachiwe mapadri. Je, niache? Na nisipoacha, nisomeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Habari za mama na Uchumi nitazifikia. Naanza na sentensi uliyoipitisha katikati kana kwamba haina uzito: unajua maana ya kila neno, lakini sentensi haitoki.

Haitoki kwa sababu unaitafuta kwa Kiingereza. Kiingereza ni lugha ya foleni: mtendaji atangulie, kitenzi kifuate, mtendwa aje nyuma, na mmoja akihama mahali pake maana inaharibika. Livy hapangi foleni. Anaweza kumweka mtendwa mbele, akaingiza mambo matatu yaliyotokea kabla, halafu kitenzi akakiweka mwishoni kabisa. Mtoto aliyezoeshwa foleni anaanza kurukaruka, anatafuta kiima, anarudi nyuma kutafuta kitenzi, na akifika mwisho ameshasahau alikotoka.

Wewe lakini umelelewa na lugha nyingine. Kwenu Tanga mtu anasema "Mtoto kala embe," na mwingine anasema "Embe, mtoto kalila," na hakuna anayedhani embe ndilo lililomla mtoto. Ile *-li-* ndani ya *kalila* inalishika embe popote lilipo. Kilatini kinafanya kazi hiyohiyo kwa mkia wa neno: *canis hominem mordet*, *hominem canis mordet*, zote mbili mbwa anamuuma mtu, maana *-em* imeshatangaza nani anaumwa. Kuhamisha neno hakubadilishi tendo, kunabadilisha mkazo tu. Sikio lako linalijua hili tangu utotoni, ila ulipoingia darasani uliliacha mlangoni.

Nalifahamu kosa hili kwa sababu nililifanya miaka mingi. Nilianza Kilatini katika seminari ndogo Tanzania, kwa kitabu cha sarufi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Tulikuwa tunaitoa sentensi Kilatini, tunaipitisha Kiingereza, ndipo tunaielewa kwa Kiswahili. Siku moja ubaoni kukaandikwa *imperavit ut abirent*. Tukahangaika na lile *ut*, tukahangaika na wakati wa kitenzi, hadi kijana aliyekaa nyuma yangu akanong'ona: "Aliamuru waondoke." Nilibaki nimetulia. *Abirent*, waondoke. Neno moja kwa neno moja, na ndani yake mna watu wenyewe, wingi wao, na ile hali ya jambo linalotakiwa litendeke ingawa halijatendeka. Kiingereza hakina neno moja la namna hiyo. Nusu ya yale niliyokuwa nayakariri kama sheria za kigeni nilikuwa nayo mdomoni.

Hebu tulitazame vizuri, maana hapa ndipo penye faida yako kubwa. Umbo la kitenzi ambalo wanafunzi wa Kiingereza wanaliogopa kuliko yote, subjunktivu, wewe unalitumia kila saa. *Amat*, apenda, *amet*, apende. Zile *a* na *e* ni sadfa tu, lugha hizi mbili hazina undugu wowote, na vitenzi vya makundi mengine vinakwenda njia nyingine: *habet* inakuwa *habeat*, *mittit* inakuwa *mittat*. Usiikariri kama kanuni. Lakini kazi ya umbo hilo inafanana mno. *Taceat*, anyamaze. *Venit ut videat*, anakuja aone. *Oravit ne abiret*, alimsihi asiondoke. Ona *ne* inavyosimama mahali pa *-si-* yetu. Ukikutana na *ut* au *ne* yenye kitenzi cha namna hii baada ya neno la kuamuru, kuomba, kuogopa au kukusudia, usianze na sheria ya kitabuni. Jiulize kwanza Mswahili angesemaje hapo.

Halafu kuna habari ya maneno yaliyonukuliwa, ambayo Livy ameyajaza kila ukurasa. *Dixit se venire*: alisema anakuja. *Dixit se venisse*: alisema amekuja. *Dixit se venturum esse*: alisema atakuja. Unaona? Kilatini kinapima wakati kuanzia pale msemaji aliposimama alipokuwa akisema. Kiswahili kinafanya vilevile. Hatusogezi chochote nyuma. Wenzako wanakariri jedwali la nyakati za vitenzi-jina ili walielewe jambo hili, wewe unalijua kwa kuishi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Chukua sentensi hii ya Livy, mwanzoni mwa kitabu chake cha 21, anapoanza kusimulia vita vya Roma na Hannibal, jemadari wa Afrika ya Kaskazini. Ina maneno 38 na nukta moja:

*Fama est etiam Hannibalem annorum ferme novem, pueriliter blandientem patri Hamilcari ut duceretur in Hispaniam, cum perfecto Africo bello exercitum eo traiecturus sacrificaret, altaribus admotum tactis sacris iure iurando adactum se cum primum posset hostem fore populo Romano.*

Weka kalamu chini. Isome kwa sauti, taratibu, na usirudi nyuma hata mara moja. *Fama est*: inasemekana. Basi utege sikio, habari inakuja, na mhusika wake atavaa mkia wa mtendwa. Huyo hapo, *Hannibalem*. *Annorum ferme novem*, wa miaka kama tisa. *Blandientem patri Hamilcari*, akimbembeleza baba yake Hamilcar, tena *pueriliter*, kitoto. Anabembeleza nini? *Ut duceretur in Hispaniam*: achukuliwe aende Hispania. *Achukuliwe*, mwanangu, ile *-w-* na ile *-e* zimekaa pamoja kama zilivyokaa ndani ya *duceretur*. Kisha *cum* inafungua mlango wa "wakati alipokuwa," na hujui bado alipokuwa akifanya nini. Usihangaike, subiri. *Perfecto Africo bello*, vita vya Afrika vimekwisha. *Exercitum eo traiecturus*, yu karibu kuvusha jeshi kwenda huko. *Sacrificaret*, alipokuwa akitoa sadaka. Mlango umefungwa. Aliyekuwa akitoa sadaka ni baba, siyo mtoto. *Traiecturus* imevaa mkia wa mtendaji, ilhali mtoto tangu mwanzo amevaa mkia wa mtendwa.

Tunarudi kwa mtoto: *altaribus admotum*, akasogezwa madhabahuni, *tactis sacris*, vitu vya sadaka vikiwa vimeguswa, *iure iurando adactum*, akaapishwa. Likalie neno hilo kidogo. Mtoto hakuapa kwa mapenzi yake tu, mtu mzima alimwapisha. Kiingereza kinazunguka kulisema jambo hilo, sisi tunatia *-ish-* na *-w-* ndani ya kitenzi, basi. Na aliapa nini? *Se hostem fore populo Romano*: kwamba atakuwa adui wa watu wa Roma, *cum primum posset*, mara tu atakapoweza.

Soma tena yote kwa Kiswahili: Inasemekana pia kwamba Hannibal, akiwa na umri wa miaka kama tisa, akimbembeleza baba yake kitoto achukuliwe aende Hispania, baba alipokuwa akitoa sadaka, vita vya Afrika vimekwisha na jeshi li karibu kuvushwa, alisogezwa madhabahuni, akagusishwa sadaka, akaapishwa kwamba mara tu atakapoweza atakuwa adui wa watu wa Roma. Mpangilio wa Livy umebaki karibu wote. Hukuhitaji kuuvunja. Na ona alivyotunza: tumeanza na mtoto anayedeka, tumemaliza na *populo Romano*. Neno la mwisho la sentensi ndilo litakalolipa gharama ya kiapo hicho. Mwanafunzi anayerukaruka kutafuta kiima hawezi kuliona hilo, hata akipata tafsiri sahihi.

Basi fanya hivi kwa kila kipande unachopewa: soma mara ya kwanza kwa sauti bila kuandika, mara ya pili sema kila kirai kwa Kiswahili, kwa mpangilio uleule, ndipo uandike Kiingereza. Mwanzoni itakuchukua muda mrefu kuliko wenzako. Kufikia Krismasi hautakuwa mrefu tena.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo Kiswahili kitakuponza, na ni heri uambiwe mapema. Sisi tunasema nipo mjini, naenda mjini, natoka mjini, na ile *-ni* inatutosha kote. Kilatini hakikubali. *In urbe* ni kuwamo mjini, *in urbem* ni kuingia, *ex urbe* ni kutoka. Wanafunzi wangu wanaoongea Kiswahili wanakosea *in* kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu sikio lao haliulizi swali hilo. Lifanye liulize. (Ukitaka faraja, *domi* ya Kilatini ni nyumbani yetu kabisa, mkia juu ya neno bila kihusishi.) Pia *gladio* ni kwa upanga na *ab hoste* ni na adui, Mswahili hazichanganyi "kwa" na "na" hapo, hivyo tofauti ya silaha na mtu mwenye silaha utaipata bila shida.

La pili: karatasi inasahihishwa kwa Kiingereza. "Alisema anakuja" ukiiandika kwa Kiingereza lazima uisogeze hatua moja nyuma, la sivyo msahihishaji ataona wakati umekosewa, na atakuwa na haki. Vivyo hivyo *dixit*, kama *alisema*, haisemi ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kitakulazimisha uchague, na ni aya iliyotangulia ndiyo itakayokuambia. Andika jina la mtendaji pembeni kila anapobadilika.

Hao wenzako walioanza na miaka minane wasikutishe. Walichokuzidi ni msamiati, na msamiati unakamatwa. Karatasi ya tafsiri, ya saa 1 na dakika 45, nusu nathari nusu ushairi, ina asilimia 33 ya alama zako zote. Fasihi ya nathari ina 25, fasihi ya ushairi 25, na karatasi ndogo ya ufahamu au uandishi ina 17. Kwa hiyo msamiati ndio unaobeba sehemu kubwa zaidi. Lakini usijifunze neno mojamoja kama mtu anayeokota mchele. Jifunze kwa ukoo, kama unavyojua kwamba soma, somo, msomi, somesha na masomo ni nyumba moja. *Capio*, nashika, weka kiambishi mbele na *a* inageuka *i*: *accipio*, napokea, *decipio*, nadanganya, *incipio*, naanza, *recipio*, narudisha. Ukoo huo na wa *duco, fero, mitto, facio, pono* na *venio* ni maneno mia na zaidi. Na kila kitenzi ukijue kwa sehemu zake zote nne, ukizitamka. Asiyejua kwamba *tuli* na *latum* ni watoto wa *fero* atatafuta kwenye kamusi hadi kengele ilie, na ndani ya chumba cha mtihani kamusi yenyewe haipo.

Tahadhari na maneno yanayofanana. *Canis* ni mbwa, tena ni unaimba. *Oris* inaweza kutoka kwenye mdomo au kwenye ufuko. Mstari wa kwanza wa Aeneid, utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi, unaishia na *ab oris*, kutoka ufukoni, na kila mwaka kuna mtoto anayemtoa Aeneas, shujaa wa utenzi huo, mdomoni mwa Troya. Kiambishi, mkia, na neno la jirani ndivyo vitakavyokuamulia.

Nifike kwenye ushairi, maana huko ndiko moyo wangu uliko, na huko una urithi ambao wenzako hawana. Silabi sisi tunaziita mizani, na tunazihesabu: utenzi mizani minane kwa kipande, shairi kumi na sita kwa mshororo. Warumi hawakuhesabu silabi, walizipima uzito, kama mizani halisi ya dukani. Silabi nzito, silabi nyepesi. Mstari wa Virgil una vipimo sita; kila kimoja ni nzito na nyepesi mbili, au nzito mbili, ambapo nzito moja inalingana na nyepesi mbili. Cha tano kwa kawaida ni nzito na nyepesi mbili, cha mwisho kina silabi mbili. Ndiyo maana mstari mmoja unaweza kuwa na silabi 13 na mwingine 17 na yote ikawa sawa. Kwenye karatasi ya tafsiri utaambiwa upime mistari miwili. Ni alama za bure kwa anayefanya mazoezi ya dakika tano kila siku, lakini nisingependa uishie kwenye alama.

Soma kwa sauti mistari hii miwili, yote kutoka kitabu cha 8 cha Aeneid. Wa kwanza ni majitu yanayofua chuma chini ya mlima, yakipokezana nyundo:

*illi inter sese multa vi bracchia tollunt*

Vipimo vinne vya kwanza vyote ni vizito, na *-i* ya *illi* inamezwa na *inter*. Mkono unapanda kwa shida. Wa pili ni farasi wakikimbia uwandani:

*quadripedante putrem sonitu quatit ungula campum*

Vipimo vitano mfululizo vya nzito na nyepesi mbili. Huhitaji kujua Kilatini kusikia kwato. Tunao utamaduni mzima wa tanakali za sauti. Kwetu mtu haanguki tu, anaanguka pu! Basi swali la fasihi likikuuliza Virgil amefanya nini hapo, usiandike jina la tamathali ukasonga mbele. Sema sauti inatenda nini, na inamtenda nani.

Hilo ndilo kosa kubwa la karatasi za fasihi. La pili ni kukariri tafsiri ya kitabu teule. Vitabu teule hubadilika baada ya miaka michache, leo Cicero au Tacitus, kesho Ovid au Horace, lakini wanafunzi hawabadiliki: wanakariri Kiingereza chote kama dua. Nimesahihisha kazi ya mwanafunzi mwerevu aliyetafsiri mistari sita aliyopewa akaendelea na miwili isiyokuwapo kwenye karatasi, kwa sababu mdomo wake haukujua kituo. Alikuwa hasomi Kilatini kilichokuwa mbele ya macho yake. Iliniuma, maana alikuwa na uwezo. Wewe funika tafsiri, soma Kilatini kwa sauti, na usiifunue mpaka umeshasema kila mstari kwa Kiswahili chako.

Nikuonyeshe mstari mmoja ninaourudia kila mwaka, wa kitabu cha 4. Dido, malkia wa Carthage, Tunisia ya leo, amempenda Aeneas, mgeni aliyetupwa na bahari, na mgeni anaandaa meli kwa siri aondoke:

*At regina dolos (quis fallere possit amantem?) praesensit*

Lakini malkia, hila zile (nani awezaye kumhadaa apendaye?) alikwishazinusa. Hila zimetajwa mara tu baada ya malkia, kabla hatujajua atazifanyaje. Kisha mshairi mwenyewe anakatiza kwa balagha, kama mtu asiyeweza kujizuia. Halafu ndipo kitenzi. Kwa Kiingereza wanakivuta kitenzi mbele, mkato ule unakufa. Kiswahili chako kimeubakiza, kwa sababu *-zi-* imekwenda kuzishika hila ng'ambo ya mabano. Ukiandika jambo hilo kwenye maelezo yako, kwamba hila na malkia wamewekwa bega kwa bega na utambuzi umecheleweshwa ili swali lisikike, umemsoma Virgil.

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Thagaste, ambayo sasa ni Souk Ahras huko Algeria, anakiri kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido. Alikuwa kijana wa Afrika anasoma shairi la Roma kuhusu malkia wa Afrika. Terence, mtunzi wa tamthilia wa Kirumi, aliitwa pia Afer, Mwafrika. Apuleius, mwandishi mwingine wa Kilatini, naye ni wa Madauros, Algeria hiyohiyo. Afrika yao ni ya kaskazini, siyo yetu ya Tanga na Pangani, na sitaki ujidanganye kwamba ni mababu zako. Nataka tu ujue kwamba darasa hilo halijawahi kuwa la Waingereza peke yao, na mtu asikufanye ujione mgeni ndani yake.

Sasa mama. Mama yako ana haki ya kuuliza, kwa sababu anajua mlivyofika huko na kwa gharama gani. Usimjibu kwa kiburi cha msomi. Mwambie kwanza ukweli ulio upande wake: hakuna kazi inayosubiri Kilatini kama udaktari unavyosubiri Kemia. Ikiwa unataka udaktari, angalia Baiolojia kabla ya Uchumi na kabla ya Kilatini, na ufanye hivyo wiki hii. Ikiwa unaelekea sheria, historia, lugha au fasihi, Kilatini ni somo ambalo vyuo vikuu vinalihesabu kwa heshima kamili, na Cambridge wana shahada ya miaka mitatu ya Kilatini na Kigiriki cha kale kwa wenye A Level ya Kilatini, na ya miaka minne kwa wasio nayo.

Mwambie pia nafasi uliyo nayo si ya kawaida. Kilatini huko kimekuwa zaidi cha shule za kulipia. Serikali ilianzisha mpango wa kukipeleka kwenye shule 40 za umma, ukakatishwa mapema 2025. Darasa la watu watano lenye mwalimu ni kitu ambacho wengi wa rika lako hawapewi.

Na hilo la lugha iliyokufa, mkae naye jikoni mlizungumze taratibu. Meza anayoandalia chakula ni *mensa*, neno ambalo vizazi vya wanafunzi wa Kilatini vilianza nalo; Wareno walilifikisha pwani yetu. Sabuni aliyooshea mikono ni *sapo*, imekuja kwa njia ya Waarabu. Mwezi wa Agosti ni jina la Augusto. Na Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita na Herekali, Kaisari wa Rumi. Mshairi wetu wa Pate alipotaka adui wa ukubwa wa kutosha kwa utenzi wake, Rumi ndiyo iliyokuwa mbele yake. Kama kwenu kuna mzee anayezijua tenzi, mwombe akughanie beti chache, uzisikilize kabla hujarudi kwa Virgil.

Shauri langu ni usiache sasa. Subiri hadi mwisho wa Januari, ukifanya kazi kwa njia niliyokueleza. Kipimo changu hakitakuwa alama za wiki, kwa sababu hizo zitapanda na kushuka. Kipimo ni hiki: ukipewa kipande kipya, je, unaweza kukisoma hadi mwisho bila kurudi nyuma na ukajua nani kamfanyia nani nini? Ukiweza, hata kama maneno kumi yamekupita, umeshavuka. Usipoweza kufikia wakati huo, nami nitakuambia uache, na hutakuwa umepoteza kitu kwenye Historia. Ila muulize mwalimu wako leo tarehe ya mwisho ya kubadilisha somo. Shule nyingine hufunga mlango huo mapema, na kama ya kwenu ni hivyo, itakubidi uamue kwa wiki nne badala ya miezi mitatu.

Bado kuna ile karatasi ndogo, ya ufahamu au ya kuandika Kilatini mwenyewe. Kwa mtihani, chagua ufahamu. Kwa aliyeanza na GCSE ni salama zaidi. Lakini kila Jumapili andika sentensi tano kwa Kilatini, na uzitunge kwanza kwa Kiswahili. Anza na hizi: Mama alimsihi asiondoke. Alisema atarudi. Vita vilipokwisha, askari walirudi nyumbani. Mtoto aliapishwa. Waambie wanyamaze.

Zilete kwangu ukizimaliza, nitakusahihishia. Msalimie mama.